Watu Wasiokula

Mimi ni bingwa wa usaili. Kazi sipati, lakini usaili naujua nje ndani. Tangu kiwanda chetu cha zamani kifungwe nimekaa mbele ya mabosi wengi mno, na maswali yao nayajua kuliko wanavyoyajua wenyewe.

Majibu yangu niliyapikia sebuleni kwa dada yangu mkubwa, kwenye kochi ambalo mchana ni la wageni na usiku ni kitanda changu. Shemeji, mumewe, tangu nihamie anatazama taarifa ya habari akiwa amekalia stuli ya jikoni, maana kochi limejaa miguu yangu. Hajawahi kulalamika. Ila siku hizi akiinuka anajishika kiuno, na mimi najifanya sioni.

“Udhaifu wako ni nini?” dada aliuliza huku akipiga pasi. Yeye ndiye alikuwa bosi.

“Kazi ikinikolea, nasahau hata kula.”

Alinitazama. Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza sahani ya pili.

“Haya, sema hivyohivyo, ila usicheke. Na hii usiikose, mdogo wangu. Mwenzangu hasemi kitu, lakini mgongo unamuuma.”

Hapo nikaishiwa utani. Kazi yenyewe ilikuwa ya karani wa stoo kwenye kiwanda cha rangi: kupokea madebe, kuyapanga, kuyatoa. Niliitaka kazi ile mpaka nikawa naota madebe.

Siku ya usaili niliwahi, shati la shemeji likinibana kwapani. Wenzangu walikuwa wameshajipanga kwenye benchi la korido, macho sakafuni. Jirani yangu alikuwa dada mmoja wa gauni la bluu. Alikuwa akiikunja na kuikunjua bahasha yake ya vyeti, na mikono ilikuwa inamtetemeka.

“Kaka, huko ndani wanauliza nini?” alininong'oneza.

Mtu mwenye akili zake angesema hajui. Mimi nilikohoa kidogo, nikakaa vizuri, nikafungua darasa. Nguvu zako, udhaifu wako, unajiona wapi miaka ijayo: nilimwaga vyote. Jamaa wa mwisho wa benchi akasogea. Baba mmoja mwenye tai akaomba nirudie pale pa kusahau kula, nikarudia kwa madaha. Yule wa bluu nikampa na namba yangu ya simu, eti kama atakuwa na swali. Wakaitwa mmojammoja, na kila aliyetoka alinipungia mkono kwa furaha. Kichwa kilinivimba. Mimi nikawa wa mwisho.

Ndani walikuwepo wasaili watatu, katikati meneja, mama wa miwani. Swali langu lilipofika nilikuwa tayari.

“Kazi ikinikolea, nasahau hata kula.”

Meneja aliweka kalamu chini taratibu.

“Leo naona hakuna aliyekula. Na wote mmesahau kwa maneno yaleyale. Wewe umeyatoa wapi?”

Ningeweza kukana, lakini sikukana.

“Ni yangu, mama. Wenzangu nimewafundisha hapo nje.”

“Ukijua kabisa nafasi ni moja?”

“Nilijua. Ila kuna dada alikuwa anatetemeka. Halafu wakanisikiliza, nikanogewa. Nadhani udhaifu wangu ndio huo.”

Msaili wa kushoto alicheka mpaka akatafuta leso. Meneja hakucheka. Alisema atakayepata atapigiwa simu jioni.

Jioni niliweka simu mezani. Shemeji alizima televisheni habari zikiwa katikati, heshima ambayo sijaona akimpa mtu yeyote. Simu ikaita. Namba ngeni. Dada akasimamisha pasi.

“Kaka, ni mimi, wa gauni la bluu. Nimepata. Kesho wananiita tuongee mshahara. Nijibu nini?”

Iliniuma, sitadanganya. Kisha nikajisikia namweleza: asiwahi kutaja kiasi, kwanza aulize wao wamepanga nini, na asishukuru haraka. Nikajifanya meneja, nikamuuliza tena na tena, mpaka sauti yake ikaacha kutetemeka.

Nilipokata simu, hakuna aliyeniuliza kitu. Walikuwa wameshasikia. Dada aliirudia kola aliyokuwa akiipiga pasi. Nilingoja shemeji awashe televisheni, lakini aliinuka, akajishika kiuno, akairudisha stuli jikoni. Halafu akaja kusimama mbele ya kochi.

“Umemfundisha vizuri,” alisema. “Sasa kunja miguu, shemeji, na mimi nikae.”