Madiwani Wawili Ndani ya Pikapu Moja

Mgahawani kwangu, Duane Hruska na Arlys Tjaden hawakai meza moja. Mgeni hudhani wamegombana. Wala. Bodi ya kaunti yetu ina madiwani watatu tu, kwa hiyo wawili wakianza kuongea habari za barabara au daraja, akidi imetimia, huo tayari ni mkutano. Na mkutano wa bodi lazima utangazwe siku moja kabla, kila mwenye masikio aje. Basi Duane, mfuga nguruwe, hukaa dirishani. Arlys, dereva wa basi la shule, hukaa kwenye stuli ya kaunta. Wa tatu, Curt Amdahl, muuza mbegu, ana meza yake karibu na choo. Wakipishana husemezana habari za mvua.

Norma Bries aliyajua yote hayo, lakini mfa maji haachi kutapatapa. Anakamua ng'ombe ng'ambo ya kijito, na mhandisi wa kaunti alitaka daraja lake lifungwe kabisa. Kampuni ya maziwa ilishamwambia lori lao halitazunguka maili kumi na mbili za kokoto kwa ajili ya zizi moja. Daraja likifungwa, ng'ombe wanauzwa.

Jumamosi akampakia Arlys kwenye pikapu akaone nguzo zilivyooza. Njiani wakamkuta Duane akitengeneza uzio, Norma akamwambia naye apande. Wakabanana watatu kiti cha mbele, wakaongea habari za daraja kwenda na kurudi. Kufikia jioni mji mzima ulikuwa unajua, na mimi sikuwa wa mwisho kusikia.

Mwanasheria wa kaunti akawaita. Mmefanya mkutano bila tangazo, akawaambia. Mkipiga kura sasa, yeyote asiyeipenda atakwenda mahakamani ifutwe. Dawa ni kurudia yote hadharani. Duane, ambaye Novemba alikuwa anarudi kwa wapiga kura, akaogopa, akasema hatapiga kura upande wowote. Alibaki Arlys anayelitaka daraja, na Curt ambaye siku zote alisema maili kumi na mbili ni matembezi tu. Kura moja dhidi ya moja, hoja inaanguka.

Arlys ndiye aliyekuwa mwenyekiti mwaka ule. Akabandika tangazo: mkutano utafanyika uani kwa Norma. Mhandisi alipoona magari yatakuwa mengi, akalifunga daraja siku hiyo kwa usalama. Tukazunguka sote, mimi na birika zangu za kahawa nyuma ya gari.

Curt alifika mkutano umeshaanza, gari lake jekundu limekuwa la kijivu. Ulikuwa msimu wa mavuno; alikwama nyuma ya trela la samadi iliyokuwa ikipelekwa mashamba yaliyokwisha kuvunwa, na hapakuwa na pa kulipita.

"Karibu, Curt," Arlys akasema. "Matembezi yalikuwaje?"

"Nimenusa kila maili, dada. Usinianze."

Watu walicheka, kisha wakasema yao. Arlys akatoa hoja daraja litengenezwe. Bila wa kuiunga mkono ingekufa palepale. Duane alikuwa anaangalia buti zake.

"Naunga mkono," Curt akasema, "ili tuongee tu." Akamgeukia Norma. "Lori linapita lini?"

"Kila baada ya siku moja, alfajiri."

"Hata kwenye theluji?"

"Ng'ombe hawajui theluji, Curt."

Akaitazama barabara. Trela lilikuwa bado linajikokota kule mbele, kwenye kona. Kura zilipoitwa alisema ndiyo, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino, akaongeza kuwa ni kutengeneza tu, si kujenga jipya. Ndiyo mbili, mmoja kimya. Hoja ikapita.

Asubuhi yake Norma aliingia mgahawani akaenda moja kwa moja kukaa na Curt, kule karibu na choo. Arlys naye akabeba kikombe chake kuwafuata. Curt akamwonyesha stuli yake kwa kijiko.

"Rudi huko huko, mwenyekiti. Bado hatujachagua mkandarasi."