Toa Mguu Kidogo

Wilkister aliyajua maisha ya Mzee Alton kwenye besiboli kuliko alivyowajua majirani zake wa mtaa wa Fittja. Miaka miwili alikuwa akipanda treni mpaka Hässelby, mwisho wa reli, kumwogesha mzee, kumpikia uji na kumfunga kamba za viatu, na katika miaka hiyo haikupita asubuhi moja mzee asirudi uwanjani kwa mdomo. Alikuwa Mmarekani wa miaka tisini na sita, aliyemfuata mke wa Kiswidi huku Swideni kabla hata mama yake Wilkister hajazaliwa. Mke alishafariki, Kiswidi kikabaki, na ndicho walichozungumza.

Misimu tisa mzee alilinda kituo cha kwanza. Timu za miji midogo, mabasi mabovu, hoteli za kunguni. Ligi kuu aliicheza siku ishirini na mbili tu, mwaka wa hamsini na nne, lakini ukimsikiliza ungedhani alikaa huko miaka ishirini. Wilkister hakuhitaji kufafanuliwa mengi. Shuleni Siaya alicheza raunda na wasichana wenzake, akajua kwamba mkimbiaji aliyekanyaga kituo yuko salama, na akikiacha akaguswa na mpira, basi, ametoka.

Siku hizo ishirini na mbili alizipataje? Hilo mzee alilificha mpaka asubuhi moja ya Februari, akiwa amekumbatia glavu yake kuukuu.

Kulikuwa na mchezaji aitwaye Dewey, waliyelala naye chumba kimoja miaka mitatu kabla hajahamia timu nyingine. Siku timu zao zilipokutana, jukwaani aliketi bwana mkubwa wa ligi kuu, anatafuta mchezaji wa kuchukua. Dewey akapiga mpira, akakimbia, akafika kituo cha kwanza anahema. Kila mtu alidhani mpira umesharudishwa kwa mrushaji. Wapi! Ulikuwa ndani ya glavu ya Alton.

"Toa mguu kidogo," Alton akamwambia, "nipanguse vumbi."

Dewey akatoa mguu. Nani amshuku mtu waliyeazimana naye soksi? Alton akamgusa pajani na mpira, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Kesho yake Dewey alifukuzwa kazi, na wiki haikuisha Alton akaitwa ligi kuu.

"Hakunitukana," mzee alisema. "Aliniangalia tu. Nilimwandikia barua miaka mingi, hakujibu hata moja."

Mzee akalia, kamasi mpaka kidevuni. Wilkister, na huruma yake ileile iliyokwisha kumponza mara nyingi, hakutulia. Wiki tatu alipekua mtandaoni mpaka akampata binti wa Dewey huko Marekani, akamwandikia barua ya kuomba radhi kwa mkono wake huku mzee akimtajia maneno. Anwani ya kujibia akaweka yake, maana barua za mzee zilikuwa zikipotelea kwenye lundo la magazeti.

Mwezi wa nne kampuni iliyowaajiri wahudumu ikatangaza kwamba kila mzee atajichagulia mhudumu wake wa kudumu na kuweka sahihi. Atakayechaguliwa atapewa ajira ya kudumu. Mkataba wa Wilkister ulikuwa unaisha mwezi wa sita, na bila ajira hiyo yeye na mwanawe Filip wasingepata kibali cha kubaki Swideni. Wakati huohuo mdogo wake alikuwa anaolewa Siaya, na miaka sita hakuwa ameiona nyumba ya mama yake. Tiketi alishakata. Hata hivyo siku ya kuagana, tarehe kumi Mei, akasitasita mlangoni.

"Na fomu ikija nikiwa huko, Mzee?"

"Nenda, Wilki. Fomu ikija, jina ni lako. Nakushikia kituo."

Akaondoka kesho yake na moyo mweupe. Zamu zake akamwachia Wanjugu, rafiki yake wa kanisani, ambaye Wilkister mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi na ambaye tangu majira ya baridi alimhudumia mzee wikendi.

Aliporudi wiki mbili baadaye, bahasha kutoka Marekani ilikuwa inamngoja sakafuni nyuma ya mlango. Aliisoma akiwa wima, koti mwilini. Binti wa Dewey aliandika kwamba baba yake alifariki zamani. Kwamba kila Krismasi alikisimulia kisa kile mpaka anashika mbavu. Kwamba alimsamehe Alton kabla ya basi kufika nyumbani. Barua zake zote alizitunza kwenye mkebe. Hakujibu kwa sababu mvivu wa kuandika kama baba huyo hajapata kutokea.

Wilkister alicheka na kulia peke yake. Akaitia barua mfukoni, akabeba na pakiti ya majani ya chai ya Kericho, mbio mpaka Hässelby.

Mlango ulifunguliwa na Wanjugu.

"Mama Filip! Umerudi? Si ungenipigia simu kwanza?" Macho yake yakakimbilia chini. "Aki usinikasirikie. Ni mzee mwenyewe alisema."

Kwenye meza ya jikoni lilikuwa faili ambalo Wilkister alikuwa akiliandika kila zamu kwa miaka miwili. Fomu ilikuwa juu kabisa: jina la Wanjugu, na chini yake sahihi ya mzee, ya kutetemeka. Tarehe tisa Mei, Jumapili.

Akaisoma tarehe mara ya pili. Tisa. Walipoagana mlangoni, mzee alikuwa ameshaweka sahihi. Mpira ulikuwa tayari ndani ya glavu.

Alimkuta sebuleni, blanketi magotini.

"Uliniambia unanishikia kituo."

"Wanjugu anakaa mpaka jioni," mzee alisema bila kumtazama. "Wewe una mtoto, unakimbia. Sikujua nikuambieje. Ulikuwa na furaha ya safari."

"Ulikuwa umeshaweka sahihi, Mzee!"

Wilkister alihisi hasira inampanda mpaka masikioni, na chini ya hasira, aibu ya mtu aliyesimuliwa hila yote, hatua kwa hatua, kisha akanaswa kwa hiyohiyo.

Mzee akainua uso, macho yamejaa maji.

"Wilki. Kwa watu wa Dewey... kuna jibu lolote?"

Mkono wake ulikuwa mfukoni, juu ya bahasha.

"Bado, Mzee."

"Labda wiki ijayo."

"Labda."

Akaiweka chai mezani, akatoka. Ndani ya treni alingoja asikie utamu wa alichofanya, haukuja. Mzee alikuwa na miaka tisini na sita. Wiki ijayo kwake haikuwa kitu cha kuahidiwa. Treni iliposimama tena na milango kufunguka, Wilkister aliinuka ili ashuke arudi, akashika nguzo. Akamkumbuka Filip, akaikumbuka ile tarehe tisa, akaketi tena.