Mgonjwa wa Kuigiza

Sanamu la plastiki la kufundishia wauguzi huchomwa sindano likanyamaza, lakini haliwezi kukwambia limechoka kuishi. Ndiyo maana, kwa somo la afya ya akili, Madamu Ida wa chuo kimoja cha uuguzi pale Masasi alimwomba mlinzi wa getini, Mzee Christopher, awe mgonjwa wa kuigiza. Akamfundisha maneno: hapati usingizi, hali chakula, moyo mzito, ila hana nia ya kujidhuru.

Zamu ya kumhoji ikamwangukia mwanafunzi Anifa, binti wa Chiwata. Sasa, Anifa ni Myao, na mzee yule Mngoni wa Songea, watani tangu vita vya mababu. Hawakupishana getini hata asubuhi moja bila kutupiana maneno.

"Shikamoo baba. Unajisikiaje?"

"Marahaba. Tangu mke wangu afe sina hamu ya kitu, mwanangu. Sumu ninayo tayari. Nangoja tu moyo ukubali."

Lo! Hayo hakufundishwa na mtu. Anifa alimtazama machoni, akaona wazi kwamba mzee haigizi. Hapo ndipo alipotakiwa kuuliza sumu iko wapi na nani yuko naye nyumbani. Lakini aliogopa, na mbele ya mtani ulimi wake ulijua njia moja tu.

"Si ufe basi, Mngoni wewe, tupate kula wali wa bure!"

Darasa zima likavunjika mbavu. Mzee naye akacheka, maana mtani akinuna aibu ni yake.

"Mzee, umeigiza mpaka umepitiliza," alisema Madamu Ida. "Wewe Anifa umefeli. Utarudia wiki ijayo."

Jioni Anifa alimfuata getini. "Mzee Christopher, utani pembeni. Hiyo sumu unayo kweli?"

"Weee! Myao, kuigiza tu kumekutoa jasho? Akija mgonjwa wa kweli si utakimbilia Newala?"

Akacheka. Anifa akacheka kumzidi. Binadamu sisi, jamani! Alijua anadanganywa, akafurahi kudanganywa, akaenda zake kula.

Kesho yake geti halikufunguliwa. Walipovunja mlango wa chumba chake, mzee alikuwa ameshakuwa baridi.

Wiki iliyofuata aliyeigiza ugonjwa alikuwa Hamudi, dereva wa chuo. Anifa alimshika mkono na hakuruka swali hata moja. Unafikiria kujiua? Umepanga vipi? Nani yuko nawe nyumbani? Mimi siondoki hapa mpaka aje mtu wa kukaa nawe. Madamu Ida akampa alama zote, na wenzake wakapiga makofi.

"Haya dada, niachie," alisema Hamudi akicheka. "Kipindi kimekwisha."

Anifa hakumwachia. Akamuuliza tena.