Tangazo la Saa Tisa

Saa sita kamili, Skolastika alijisikia redioni akimuua tena yule mzee.

"Familia ya Kaaya wa Akheri inasikitika kutangaza kifo cha mzee Nathanaeli Kaaya..."

Sauti ilikuwa yake mwenyewe, ya upole na heshima, aliyoirekodi jana jioni harakaharaka akiwa na matangazo mengine manane mkononi. Karatasi ya familia ilikuwa mbele yake. Aliyefariki ni Gerson. Nathanaeli ni kaka yake, ndiye aliyeandika tangazo. Skolastika alikuwa ameyapishanisha majina mawili, basi.

Kosa aliligundua saa tatu, msikilizaji mmoja wa Olasiti alipopiga simu. Tangu hapo alikuwa akipambana na kompyuta. Ratiba ya siku nzima ilikuwa wazi kwenye skrini: tangazo lile limekwenda saa moja, saa tatu, na sasa saa sita, litarudi saa tisa na saa kumi na mbili. Akabofya "Futa". Kidirisha kilekile cha kijivu kikajitokeza: *Huna ruhusa. Wasiliana na msimamizi.*

Miaka sita alikuwa akipanga na kufuta matangazo katika redio hii ndogo ya Lemara. Jumatatu ukaletwa mfumo mpya, na kila mfanyakazi akapewa nafasi yake ndani yake. Yeye aliwekwa "Mrushaji". Anarekodi, anaona, anasikiliza. Tangazo likishaidhinishwa, haligusi. Msimamizi aliyekuwa na uwezo huo ni fundi Frederick, na Frederick alikuwa amekwenda ukweni, Momela, simu haipatikani.

Akampigia meneja, Catherine, aliyekuwa mkutanoni Dodoma.

"Madam, si na wewe umewekwa msimamizi?"

"Nilitumiwa barua pepe nifungue akaunti. Sikuifungua, muda wake ukapita. Msubiri Frederick."

"Linarudi saa tisa. Niruhusu nizime sauti yake, nisome lililo sahihi mwenyewe."

"Skola, tukitoka nje ya ratiba tu, wenye redio wanaletewa ripoti palepale. Mimi sitaweza kukutetea. Usiguse kitu."

Akaiweka simu mezani. Alitaka kuitupa.

Saa nane na nusu mlinzi alipanda ngazi na mzee aliyevaa koti jeusi la kanisani, viatu vimeshika udongo wa mgombani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye Nathanaeli."

Skolastika alisimama. "Baba, ni mimi niliyekosea. Naomba unisamehe."

Mzee akaketi taratibu. "Kwangu mimi si neno. Ila tangu asubuhi watu wanakuja wanalia. Wakiniona wananikumbatia, wanacheka, wanamshukuru Mungu, wanarudi makwao. Gerson yuko ndani kwenye jeneza, hakuna anayemlia."

Mzee akaigusa karatasi ya familia iliyokuwa mezani.

"Tunazika kesho. Alitengeneza mabomba ya kupulizia kahawa dawa mlima mzima huu. Watu wake siwajui kwa namba za simu. Ndiyo maana nililileta kwenu. Sasa lifute."

"Siwezi, baba."

"Si umelisema wewe?"

"Nimelisema mimi. Kulifuta ndiko siruhusiwi."

"Nani hakuruhusu?"

Akamgeuzia skrini, akabofya. Kidirisha cha kijivu kikaja. Mzee akakisoma chote, midomo ikicheza, kisha akamtazama Skolastika kama mtu anayesubiri maelezo yaliyobaki. Hayakuwapo.

Saa tisa kasoro dakika moja, Skolastika alikivuta kipaza sauti cha pili mpaka kifuani kwa mzee. Mstari wa tangazo ukageuka kijani. Akasikia sauti yake ikianza, "Familia ya...", akaishusha mpaka chini kabisa.

Kimya. Sekunde tatu, nne, mkoa mzima.

"Ongea, baba."

"Naitwa Nathanaeli Kaaya, wa Akheri," mzee alisema. "Mimi ni mzima. Aliyefariki ni mdogo wangu, Gerson, fundi wa mabomba. Tunamzika kesho saa nane, nyumbani. Mliokuja leo, naomba mrudi."

Zilikuwa zimebaki sekunde kumi za tangazo. Skolastika akaweka kidole tayari kupandisha sauti, ratiba iendelee. Lakini mzee alikuwa bado hajamaliza.

"Gerson alikuwa hatupi kitu," aliendelea, polepole zaidi. "Mpira wa baiskeli ukichakaa, anakata vipande, anatengeneza vipete vya kuzuia bomba lisivuje. Mke wangu alikuwa anamgombeza..."

Kwenye skrini tangazo la kifo likaisha, la sabuni likageuka kijani, likakimbia bila sauti mpaka mwisho. Likafuata la shule. Simu iliwaka mezani, jina la Catherine likitetemeka juu ya karatasi. Skolastika aliigeuza kifudifudi, akamsogezea mzee kipaza sauti karibu kidogo.