Chumvi ya Mama Akelo

Selina alikuwa amekwenda shuleni kwa binti yake Akelo mara moja tu, na siku hiyo ilimkaa moyoni. Mtu anayetia sangara chumvi na kuwaanika pale soko la samaki la Mwaloni, wawe kayabo ya kupelekwa Kongo, hata aoge vipi harufu humtangulia. Wasichana walimcheka, na binti yake akainamisha kichwa kama hamjui. Sasa Akelo mwenyewe kamwomba aje kwenye maonyesho ya sayansi. Selina alikuja, ila akiwa na hofu: mtoto asije akamwonea aibu tena mbele za watu.

"Shikamoo mama," walisema wanafunzi.

"Marahaba wanangu." Akajibanza karibu na mlango.

Akelo akamletea boksi la viatu lenye mwanya mwembamba upande mmoja na kipande cha sidii ya muziki ndani. "Elekeza mawinguni, mama, siyo kwenye jua lenyewe. Utaona mwanga wa jua umeachanishwa rangi rangi."

Selina akachungulia. Mungu wangu! Nyekundu, njano, kijani, buluu, mpaka zambarau, zimeshikana bila kuacha nafasi. Kumbe mwanga huu anaoanikia samaki kila siku umebeba yote haya, naye hajawahi hata kuushangaa! Akaangalia tena.

"Mbona kwenye njano pana kiuzi cheusi?"

"Rangi hiyo imemezwa huko huko juani," alisema mwalimu Nestory. "Kila aina ya atomi ina rangi zake, mama. Ikipata moto mkali inazitoa, na mwanga mkali ukipita katikati yake inazimeza hizo hizo."

Wakafunga madirisha, wakawasha taa ya spiriti. Mwali ulikuwa wa buluu hafifu. Selina akasogea mezani pamoja nao, boksi kwapani, akakikung'uta kitenge chake ajifunge vizuri, kwa mazoea tu.

Mwali ukaruka, ukawa wa manjano mtupu. Selina akauelekezea boksi, akachungulia: rangi zote za mwanzo zilikuwa zimetoweka. Lilibaki giza na mstari mmoja wa njano, unawaka pale pale kilipokuwa kile kiuzi cheusi. Selina alisisimka mwili mzima.

"Nani kamwaga chumvi?" mwalimu akauliza. "Hiyo ni sodiamu, imo kwenye chumvi. Ndiyo hiyo hiyo tuliyoiona juani."

Selina akatazama pindo la kitenge. Vumbi jeupe la chumvi ya Mwaloni lilikuwa limeganda kwenye mishono. Msichana mmoja akacheka kwa pua. Aibu ikampanda Selina mpaka masikioni, maana safari hii hata moto umemsema. Akaanza kurudi mlangoni.

"Ni chumvi ya mama yangu," Akelo akasema, kwa sauti ya kusikika darasa zima. "Anatengeneza kayabo Mwaloni."

Kicheko kikakatika. Akelo akamfuata mama yake, akamshika mkono uliochanikachanika kwa chumvi, akamrudisha mpaka mezani.

"Kung'uta tena, mama. Wenzangu hawajaona vizuri."