Kibodi za Mbao

Uliuona ule mlango, ukageuza shingo. Usibishe. Kila anayeingia chuo kile cha uuguzi hupita ukumbi wa chini, na kila apitaye ameliona kufuli lile kubwa kama ngumi ya bondia. Kupitia kioo amezichungulia kompyuta zilizopangwa mle ndani, zimefunikwa plastiki hadi shingoni kama wagonjwa wanaosikia baridi. Ukasema moyoni, hayo si yangu, ukashika njia.

Mimi ni mchora mabango. Shule niliiacha njiani, mengine nimejifunza kwa kusoma kila karatasi iliyopita mikononi mwangu. Lakini kumbukumbu ninayo, na hiyo haifungiwi kufuli. Nakumbuka chumba hicho hicho kilivyofungiwa taipureta ili zisiharibike, hadi panya wakazalia ndani yake. Nakumbuka kompyuta zilipokuja: utepe ukakatwa, makofi yakapigwa, na jioni yake nikaitwa kuandika mlangoni USIGUSE BILA RUHUSA. Nikamwuliza Mkuu wa Chuo, "Na ruhusa yenyewe inatolewa lini?" Akaniambia nimeitwa kupaka rangi, sikuitwa kuhoji. Ufunguo akautundika kiunoni, na tangu hapo wanafunzi wakamwita Bwana Funguo.

Sasa sikia yaliyompata dada yangu, wa tumbo moja na mimi, mkufunzi pale chuoni. Wauguzi wengi wa mji huu wamepita mikononi mwake. Huyo ukimwondoa darasani ni sawa na kumtoa samaki majini. Basi ukaja waraka: hospitali zimeacha makaratasi, habari za mgonjwa zinaingizwa kwenye kompyuta, na wanafunzi wakifika wodini wanasimama kama nguzo. Kwa hiyo kila darasa litapimwa mbele ya mkaguzi. Darasa litakaloshindwa, mkufunzi wake atahamishiwa stoo kugawa mashuka na mabeseni.

Dada akaenda kwa Mkuu kuomba ufunguo. Alinisimulia mwenyewe, huku anakoroga chai iliyokwisha kupoa.

"Akasema, mkufunzi, vyombo vile nimevitilia sahihi mimi. Kikiharibika kimoja nitajibu nini?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia, na mimi nikipelekwa stoo nitawajibu nini wanangu wa darasani? Akasema subira yavuta heri."

"Dada, subira ya mwenye ufunguo na subira ya aliye nje ya mlango ni subira mbili tofauti. Niachie nimwandikie bango."

"Mabango yako nayajua, mdogo wangu. Yalikufukuzisha kazi mara ya kwanza na ya pili." Akafungua mkoba, akatoa kibodi mbovu ya ofisi ya masijala, iliyomwagikiwa gundi ya vibandiko mpaka vitufe vikagandana. "Wameitupa. Nataka unichoree hii juu ya kila meza ya darasa langu. Herufi zikae pale pale zilipo, usiniletee ufundi wako."

Nikachora. Meza kwa meza, kitufe kwa kitufe, rangi ya mafuta isiyofutika kwa jasho. Nilichora kwa hasira, na mistari ikanyooka vizuri kuliko siku zote.

Wakufunzi wenzake wakawa wanapita dirishani wakicheka. Mmoja, ambaye alama za wanafunzi wake huingizwa kwenye kompyuta ya ofisi na mpwa wake, na nywila yake ukumbi mzima unaijua, alimwita dada Mwalimu wa Useremala. Dada akaendelea kupanga meza zake. Alikuwa na kazi.

Usidhani vijana wale walikuwa washamba. Simu wanazo, na kwa kidole gumba wanaandika huku wanatembea na kutafuna. Lakini kuandika ripoti ya mgonjwa kwa vidole vyote, macho yakiwa kwa mgonjwa, hicho ni kitu kingine. Dada akawafunga vitambaa vya macho, vile vya kliniki, akawa anaita herufi. Na kwa kuwa hakuwa na namna nyingine ya kufundisha kidole, aliwafundisha kama anavyofundisha kupima mapigo ya moyo: kidole kitue, kibonyeze, kitulie, wala kisiondoke mpaka aseme toa. Meza zikawa zinaitikia ko, ko, ko.

Mwanafunzi mmoja waliyemwita Redio, kwa sababu hana kitufe cha kuzimia, alisema, "Madamu, meza yangu haina mtandao."

"Na wewe huna adabu, lakini mbona tunakufundisha hivyo hivyo. Endelea."

Siku ya jaribio na mimi nilikuwepo. Mkuu aliniita nikolezee maandishi ya mlangoni ili mkaguzi ayakute yanang'aa. Brashi mkononi, sikio ndani. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na maneno machache. Kufuli likafunguliwa, likalia kama linaumwa. Plastiki zikatolewa. Dada akasimama ukutani, mikono nyuma, uso umetulia. Lakini mimi nimekua naye, nilimwona kidole chake cha shahada kinapima mapigo ya mkono wake mwenyewe.

"Anzeni," mkaguzi akasema.

Vijana wakaketi wima, wakaanza kubonyeza. Skrini nyeusi tii. Wakaendelea kubonyeza, kwa nidhamu ya ajabu, kama darasa linalopiga ngoma kwenye mto wa kulalia.

"Mbona hamuwashi?" mkaguzi akauliza.

Meza haina swichi. Mimi mwenyewe sikuichora. Kibodi niliyoletewa haikuwa nayo.

"Mkuu, tuwashie basi."

Bwana Funguo akaisogelea kompyuta ya kwanza. Akazunguka nyuma yake. Akapapasa skrini ubavuni, kama mtu anayetafuta yai chini ya kuku mkali. Jasho likamtoka. Nikaacha kupaka rangi. Mtu aliyelinda chumba miaka yote ile hakujua mashine zake zinawashwa wapi, na ndipo nilipoelewa kwamba kufuli halikuwa la kuwazuia wanafunzi tu. Lilikuwa pia la kuificha aibu ya mwenye ufunguo.

Mkaguzi akainama mwenyewe, akabonyeza kitufe kwenye kasha lililo chini ya meza. Akawaonyesha wote. Mashine zikaamka, moja baada ya nyingine, na darasa likashusha pumzi.

"Andikeni: mgonjwa amelala vizuri."

Vidole vikatua. Vikatulia. Na skrini zikajaa herufi ya kwanza, mistari kwa mistari, herufi ile ile ikikimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Redio akanong'ona, "Madamu, mgonjwa wangu ana degedege." Mpwa wa yule mkufunzi, aliyekuwa anachungulia mlangoni, akaangua kicheko. Mkuu akajaribu kutabasamu, akamwambia mkaguzi, "Ndiyo maana niliona tusiharakishe."

Dada akatoka ukutani. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kila siku.

"Toeni vidole, wanangu. Kosa ni langu, nimewapimisha mapigo. Sasa sikilizeni. Mmeshika sindano, ndani mna kipovu cha hewa. Mnafanyaje?"

"Tunagonga," darasa likajibu.

"Mnagonga vipi?"

"Kwa ncha ya kidole, Madamu, mara moja, tunaachia."

"Basi haya. Toeni hewa."

Vidole vikaanza kugonga. Mwanzo kwa woga, kisha vikakolea, na kile chumba kilichokuwa kaburi kikajaa sauti ya mvua nyepesi juu ya bati. Wanaandika, macho juu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anatafuta herufi. Mkaguzi akapita nyuma yao, akasoma: mgonjwa amelala vizuri. Na kwenye skrini moja: mgonjwa amelala vizuri, Madamu. Hapo huhitaji kuuliza ni nani.

"Hawa wamejifunzia wapi?" mkaguzi akauliza. "Mashine hizi ni mpya kabisa."

Dada akamtazama Mkuu, akanyamaza. Redio hakunyamaza. "Kwenye meza, mama. Twende ukaone."

Wakaenda. Mkaguzi akasimama mbele ya meza zangu, akaweka vidole juu ya rangi iliyochujuka pale katikati walipogusa sana. Hakucheka. Akamgeukia Mkuu, akanyoosha kiganja, na Bwana Funguo akauchomoa ufunguo kiunoni polepole, kama mtu anayeng'olewa jino. Mkaguzi akaukabidhi kwa dada yangu palepale.

"Darasa lako limepita. Chumba kiwe wazi kila siku, kwa wanafunzi na kwa wakufunzi pia. Nitarudi."

Nilirudi ukumbini na kitambaa chenye mafuta ya taa, nikafuta mlango mzima. Hakuna aliyeniagiza, na hakuna aliyenizuia.

Leo ukipita pale utakuta viti havitoshi. Wanapanga majedwali ya dawa, wanatafuta makala na kubishana ipi ya kuaminiwa na ipi porojo. Kibodi moja imeharibika. Wameipeleka kwa fundi, dunia haijaanguka. Yule mkufunzi wa mpwa amebadilisha nywila, ameisahau, amebadilisha tena. Na alasiri, wanafunzi wakishaondoka, Mkuu huja taratibu kwenye darasa la dada yangu, huketi kwenye meza ya mbao kwanza, maana kompyuta yenyewe bado anaiogopa. Dada husimama nyuma yake.

"Usipime mapigo, Mkuu. Toa hewa."

"Hivi?"

"Hivyo hivyo. Unaendelea vizuri."

Na stoo? Mashuka na mabeseni yamebaki na mtunza stoo. Dada yangu yuko darasani, ameridhika, hata chai yake siku hizi anainywa moto.

Haya, wewe. Kwenye chuo chako, au cha mwanao, kipo chumba cha namna hii. Unakijua na kioo chake umekwisha kukichungulia. Usingoje mkaguzi. Weka chini ukurasa huu, nenda sasa hivi ukaulize ufunguo uko kiunoni mwa nani, na usiondoke mlangoni mpaka ufunguliwe.