Saa Nane ya Kambo Marcelline

Kambo Marcelline alikuja Johannesburg kuondolewa mtoto wa jicho, na aliondolewa, jicho la kulia Agosti, la kushoto Septemba. Tangu hapo hakuna kilichompita. Alikaa dirishani kwa bintiye Murielle, ghorofa ya nne huko Doornfontein, akautazama mji kutwa nzima. Aliona robot, zile taa za barabarani, zikigeuka nyekundu na magari yote yakatii, hata yale ya wakubwa. Aliona mijakaranda ikichanua Oktoba hadi mtaa mzima ukawa wa zambarau, akapiga kelele, "Murielle! Kuya uone! Maua yetu iko na huku!" Maana Lubumbashi nako mijakaranda ipo tele, ila kwa miaka mingi alikuwa akiiona kama moshi tu. Siku ile alilia waziwazi, na bintiye akaogopa kwamba atayaharibu macho mapya.

Lakini kulikuwa na mtoto mwingine, asiye wa jicho, na huyo ndiye aliyemnyima raha.

Benita, binti wa Murielle, alikuwa na miaka tisa na alizaliwa mji huuhuu. Kiswahili alikielewa chote, hata ule umbea ambao wakubwa walidhani haelewi. Kukisema ndiyo hakutaka. Ukimuuliza kwa Kiswahili alikujibu kwa Kiingereza, na kule ngazini na wenzake ilikuwa Kizulu kitupu. Siku kambo alipofika Park Station, alimwinamia mtoto akamwambia, "Mimi njo kambo yako. Uniite kambo." Mtoto akatabasamu, akamkumbatia kwa nguvu, akasema, "Hi, Gogo," kama wenzake wa Kizulu wanavyowaita wazee wao wa kike.

Na gogo akabaki gogo. Msimfikirie Benita vibaya. Ni yeye aliyemtia kambo dawa ya macho asubuhi na jioni, na ngazini hakumwacha mkono. Ila kambo akianza hadithi ndefu ya kwao, au swali lenye mikia mitatu, jibu lilikuwa "Yes, Gogo," au "No, Gogo," na mzee wa watu Kiingereza chake kiliishia hapohapo. Mwenyewe alikuwa ameshusha bei. Hadithi hakudai tena. Alitaka tu, kabla hajarudi kwao, mtoto wa mtoto wake amwite kambo, mara moja, kwa hiari yake. Kumlazimisha alikataa katakata. Alisema neno la kulazimishwa ni sawa na chai ya jana.

Saluni ya Murielle ilikuwa kiti kimoja na kioo, kwenye kona ya duka la mshonaji. Mteja wake mmoja alikuwa Tabia, mwanamke wa Tanga mwenye sauti ya kufukuza kunguru. Huyo ndiye aliyewafundisha watoto nyimbo kwa ajili ya Siku ya Familia, ile sherehe ya bustanini ambayo watu wa Kiswahili hukusanyika kila Novemba kuukaribisha msimu wa joto, Watanzania, Wakenya, Warundi na Wakongo, na vyakula vyao na ugomvi wao. Mara ya kwanza Tabia alipomwona kambo pale saluni, alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, bibi."

Kambo alikunja uso. "Bibi? Mimi ni bibi ya nani? Bwana yangu alikufa, na mwingine sitafuti."

Murielle alicheka hadi kitana kikamponyoka. Akaeleza kwamba kwao bibi ni mke wa mtu. Tabia akauliza basi mama wa mama huitwaje, akaambiwa kambo, akashika kifua.

"Kambo! Jamani! Kwetu mama wa kambo ni yule asiyekuzaa, wa kukunyima ubwabwa. Huyu mzee wa watu amewakosea nini?"

Pembeni alikuwepo Benita, ameinamia simu ya mama yake kana kwamba hayupo. Mabega yake yalitikisika. Alikuwa anacheka. Kambo aliona kwa macho yake mapya.

Mwezi uliofuata Murielle alirudi na habari. Benita amepewa ubeti wa peke yake katika wimbo aliotunga Tabia, na wimbo ni wa Kiswahili. Kambo alikaa chini. Mtoto huyu asimame mbele ya halaiki, aimbe Kiswahili? Furaha ilimjaa, kisha ikamtoka alipokumbuka basi. Viza yake ilikuwa inaisha, na basi la Lubumbashi lilikuwa linaondoka Jumamosi ileile ya sherehe, adhuhuri, halimngoji mtu.

Alhamisi simu ya Murielle ikalia, na sauti ya Tabia ikajaa chumba kizima: "Murielle mpenzi, watoto wanaimba saa nane. Saa nane, msinichelewee!"

Murielle alirukaruka. Saa nane! Na basi ni adhuhuri! Kambo atamsikia mtoto, atakula andazi, na stesheni atawahi bila kukimbia.

Msomaji wa Tanga au wa Nakuru ameshashika kichwa. Lakini watu wa Lubumbashi huisoma saa kama ilivyoandikwa usoni pake. Mshale ukiwa penye nane, kwao ni nane, na hawaoni ni kichaa gani kinachomfanya mtu atazame nane akasema mbili.

Basi Jumamosi, jua bado changa, teksi iliwashusha bustanini upande wa Kensington, wanawake watatu wa vizazi vitatu na mabegi matano ya mistari. Théodore, mume wa Murielle, alikuwa lindoni Midrand na alikuwa ameshamuaga mkwewe. Benita alivaa gauni la kitenge alilochagua kambo. Nyasi zilikuwa na umande. Chini ya mijakaranda maua yalikuwa yamemwagika hadi usione udongo, na juu yake hakuna aliyekanyaga. Sherehe haikuwepo. Palikuwa na hema moja lisilosimikwa, mtu na mbwa wake, na bwana mmoja wa ovaroli ya buluu akikunjua turubai kubwa kuliko nyumba.

Murielle alimpigia Tabia. Kambo hakuhitaji kuambiwa kitu, aliyasikia yote pale aliposimama.

"Saa nane ya mchana, mwanangu! Mchana! Nani anaimba na jogoo?"

"Ulisema saa nane!"

"Ndiyo, saa nane! Saa hizi ni saa mbili!"

"Saa mbili ni usiku, Tabia, batu bamelala!"

Tabia aliishi mtaa wa pili. Alifika mbio na kanga mbili na kandambili, uso haujanawa, akamkuta Murielle amekalia begi analia kwa kwikwi. Alipoelewa habari ya basi naye machozi yalimlengalenga. Lakini Tabia si mtu wa kulia muda mrefu.

"Mtoto si huyu hapa? Na wimbo anaujua. Aimbe sasa hivi."

Wote wakamgeukia Benita. Sasa fikiria mtoto wa miaka tisa, aliyezoea kuimba katikati ya wenzake ishirini, anaambiwa aimbe peke yake kwenye nyasi mbichi mbele ya mabegi. Aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akageuka, akakimbia, akajitupa katikati ya lile turubai na kujifunika uso.

Wakati huohuo yule bwana wa ovaroli, asiye na habari, akawasha mashine ya upepo.

Turubai likavuta pumzi. Kambo alisikia mngurumo, akaona kitu kile kilicholala kikianza kuinua bega. Ukuta mwekundu ukasimama. Mnara ukachipuka kwenye kona, ukayumba, ukanyooka, kisha wa pili, kisha wa tatu, na juu ya mlango kikajitokeza kichwa cha mamba anayecheka. Ilikuwa ile nyumba ya kurukia watoto ambayo kila mtoto wa Johannesburg anaijua. Lakini kambo alikuwa hajawahi kuiona, na kwake lilikuwa jumba lililoota kwenye nyasi palepale, bila fundi, bila tofali, na mjukuu wake ndani.

"Yezu wangu," alisema. Hakuogopa. Alishangaa tu, kama siku ile alipofunguliwa bandeji.

"Benita! Toka humo!" aliita Murielle.

"No!" ilijibu sauti ya mle ndani.

Kambo alivua viatu. Bintiye alimkataza, Tabia alimkataza, yule bwana alisema, "Eish, Gogo, hayi!" kwa Kizulu chake, yaani hapana. Kambo akapandisha kitenge hadi magotini, akaushika mdomo wa mamba, akaingia.

Hatua ya kwanza sakafu ilimkimbia. Ya pili ilimrusha. Ya tatu alikaa kitako bila kupanga, akarukishwa tena, kilemba kikaenda zake, na kitu kikamtoka kifuani ambacho alidhani ni mayowe kumbe ni kicheko. Alicheka kwa sauti aliyokuwa nayo alipokuwa msichana, kabla ya mume, kabla ya moshi wa macho. Benita alifunua uso. Alimwona gogo wake ameketi bila kilemba, mvi zote nje, anadundadunda. Akatambaa hadi kwake, akamshika mkono kama ngazini.

Walikaa hivyo. Mashine ilinguruma. Kambo hakuomba kitu. Alimpangusa mtoto maua yaliyomganda kwenye nywele, moja moja, na mtoto akamwacha. Kisha midomo ya mtoto ikaanza kucheza. Alikuwa anaimba, lakini mngurumo ulimeza kila kitu, na kambo aliyaona maneno bila kuyasikia. Macho yamepona, sasa masikio! Aliinamisha sikio hadi likagusa shavu la mtoto, asipate chochote.

Yule bwana wa ovaroli alikuwa akiwatazama kupitia wavu wa dirisha. Akaenda akaizima mashine.

Kimya kiliingia. Hata mbwa alisimama. Na katika kimya hicho ikasikika sauti nyembamba, isiyo na ngoma wala wenzake:

*Mvua imepita, majani yameota,*
*nje kumekucha, jua limetoka...*

Jumba lilianza kushuka. Mnara wa kwanza ukainama taratibu, wa pili ukafuata, na mamba naye akashusha kichwa. Kuta zilikuwa zinalala, na sakafu ikawateremsha polepole kuelekea kwenye nyasi, mzee na mtoto, mkono kwa mkono. Murielle alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Tabia, mwenye wimbo, alisimama na kanga zake kama hajawahi kuusikia. Kambo alihisi nywele zinamsisimka kuanzia kisogoni. Alijua kwamba hajaona kitu kama hiki, na kwamba hatakiona tena, akajizuia hata kupepesa.

Mtoto akafika mstari wa mwisho.

*Shika mkono wangu, tucheze mimi na...*

Akanyamaza. Tabia, pale nje, aliyajua maneno yake mwenyewe, akayatamka bila sauti: bibi yangu. Mtoto hakumtazama Tabia. Alimtazama aliyemshika mkono.

*...mimi na kambo yangu.*

Turubai lilikuwa limeshalala lote. Walikuwa wamekaa chini, kwenye bustani, mahali palepale walipokuwa kabla ya jumba. Kambo Marcelline akamvuta mtoto kifuani, na Murielle akaja, na Tabia akaja, na yule bwana wa ovaroli akageukia mbwa na kujikuna shingo.

"Wimbo umeniharibia," alisema Tabia, anajifuta kwa pindo la kanga. "Vina vyote umeua. Usirudie kuuimba vinginevyo."

Adhuhuri basi liliondoka Park Station na kambo ndani, kiti cha dirishani. Walipoiacha Pretoria aligeuka akaona nyuma yao wingu limesimama juu ya Johannesburg, jeupe kileleni, jeusi tumboni, refu kuliko chochote alichowahi kuona, na ndani yake umeme unawakawaka. Abiria waligeuka wote kulitazama. Dereva mwenyewe alipiga mluzi.

Karibu na Polokwane simu ikalia. Alikuwa Murielle, anapiga kelele juu ya kelele nyingine. Saa nane ile ya Tabia, watoto wakiwa ndiyo kwanza wanapanga mistari, mvua ya mawe imeshuka. Mahema yamechukuliwa na upepo, masufuria ya pilau yamejaa barafu, watu wote wamekimbilia magarini. Hakuna aliyeimba. Sherehe imekwisha mpaka mwaka ujao.

"Wewe tu ndiye uliyesikia, mama. Batu bote bale, wewe tu."

Kambo aliishika simu kwa mikono miwili. Kisha upande ule simu ikahama mkono.

"Kambo?" ilisema sauti nyembamba. "Kambo, umefika wapi?"

Miezi mitatu alikuwa ameingoja sauti hiyo imuulize kitu, chochote. Alitazama dirishani atafute jibu, vibao vya barabarani vyote vikayeyuka, macho yale yaliyotengenezwa na madaktari hayakumsaidia. Akamsukumia simu jirani yake, mama wa Likasi aliyekuwa akimenya chungwa.

"Tuko Polokwane, mutoto yangu," alisema yule mama. "Kambo yako eko hapa. Eko nalia."

"Mwongo!" alisema kambo. "Mwambie nacheka."